Ndoo ya Mpangaji

Kambi ya mbali,
Tarehe 3, mwezi wa tano

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, hofu ni kwako tu. Usitegemee simu yangu, maana huku simu ni tochi. Barua hii nampa dereva wa lori la mahitaji, ambaye hupita huku akikumbuka, na za kwako mpe yeye huyo akija kushusha ngozi hapo karakanani kwenu. Ukikaa kimya nitajua ni dereva. Nami nikikaa kimya usianze kulia, ni dereva huyo huyo.

Kazi nimepata, ila si ile niliyoahidiwa. Nilidhani nitaendesha wageni, kumbe wamenipa cheo cha "mtu wa chambo." Kambi kubwa wanakokaa wateja, yenye vitanda na barafu, iko mwendo wa nusu siku kwa gari. Mimi nimewekwa huku pembeni ya kitalu cha uwindaji na hema, pikapu kuukuu na mti mmoja mkubwa. Wakiwinda swala kule, miguu na mbavu zinaletwa kwangu. Naifunga nyama kwa mnyororo, naivuta hadi kwenye tawi, naifunika majani tai wasiione. Kisha nafunga utumbo nyuma ya pikapu na kuukokota porini ili harufu ienee. Chui akiinusa anaifuata mpaka mtini. Akishazoea kula hapo, mteja anaitwa, anajificha kwenye kibanda cha majani na bunduki yake, na kazi yangu imekwisha.

Siku nzima sisemi na mtu. Jana nilijikuta nabishana na pikapu, na pikapu ikashinda. Nimewakumbuka hata wale niliokuwa nawachukia, yule jirani yako mwenye redio akiwemo. Nina upweke, dada. Nakwambia wewe tu.

Mdogo wako,
Kitindamimba


Chumbani kwetu,
Tarehe 19, mwezi wa tano

Kitinda,

Marahaba. Dereva wako ana sura ya mtu anayefungua barua za watu, kwa hiyo namsalimia na yeye: hujambo dereva, soma taratibu.

Umenichekesha na hicho cheo. Miaka yote ya kukimbizana na leseni ya udereva, mwisho umekuwa mpishi wa chui! Mimi niko palepale uliponiacha, asubuhi karakanani kutengeneza ngozi za wawindaji ziwe mapambo, jioni chumbani, mikono imebabuka kwa chumvi. Fundi wetu mkuu, yule tunayemwita Mzee Chumvi, bado anasema ni mimi tu ninayeweza kugeuza sikio la mnyama bila kulichana, na bado hasemi hivyo mbele ya mwenye mali. Ngozi zote za kitalu chenu zinakuja kwetu, unajua. Unaowaaga huko ndio ninaowapokea huku.

Sasa nikuulize kama dada. Hiyo kazi ni halali? Sisemi halali ya mahakamani peke yake. Unamkaribisha kiumbe chakula, anakuja na njaa yake, anakuta bunduki nyuma ya majani. Hata mwizi hupewa nafasi ya kukimbia.

Jirani mwenye redio amehama. Nilikuwa nikimlaani kila siku na sasa namkosa. Tangu mama atutoke chumba kimenizidi ukubwa, na ni kile kile tulichokuwa tukikanyagana humo watatu. Sufuria yake bado ninayo. Unakumbuka alivyokuwa akiigonga kwa mwiko ukiwa uwanjani na mpira? Ko ko, halafu ko. Ulikuwa unaacha hata goli lililo wazi. Sipikii tena, nimeitundika ukutani.

Dada yako


Kambi ya mbali,
Tarehe 6, mwezi wa sita

Dada,

Shikamoo. Umeuliza kuhusu uhalali. Sheria inaruhusu, chambo kina kibali chake. Nyama itoke kwenye mnyama aliyewindwa kwa leseni, mti uwe mbali na mpaka wa hifadhi, chui awe dume aliyekomaa, na asipigwe jua likishazama wala asimulikwe taa. Askari wa wanyamapori huandamana na mteja kuhakikisha hayo yote.

Halafu Mwindaji, yule bwana anayewaongoza wateja, alinieleza kitu kingine. Bila chambo, alisema, chui humwoni. Mtu anapiga chochote kilichochomoza nyasini, kumbe jike, na watoto wako pangoni wanangoja maziwa. Kwenye chambo anakaa mbele yako unamkagua kama mchumba: dume au jike, mzee au kijana. Humtaki, unamwacha ale ashibe aende zake. Mimi niliona ana hoja. Na mvuvi je, mbona yeye hatumuulizi kuhusu ndoano yake?

Hoja tuziache, nina habari. Nimepata mpangaji! Nilikuta nyama imeliwa, na kwenye mchanga ninaoufagia chini ya mti kuna nyayo pana kama kisahani. Dume. Anakula, anajinyoosha, anaondoka bila kuaga, kodi halipi. Ndiyo maana nimemwita Mpangaji. Huja giza likishaingia. Nikiwa hemani nasikia mnyororo ukilia mtini, na sitakuficha, nafurahi. Nimemwona kwa macho mara moja tu, alfajiri aliyochelewa kuondoka. Sikio lake la kushoto limechanika hadi katikati, kama leso iliyonaswa na msumari.

Jambo moja utanicheka. Nikipeleka nyama naogopa kumfuma ghafla majanini, kwa hiyo nikishuka garini nagonga ndoo kwa fimbo ili ajue nimefika. Ko ko, halafu ko. Sikupanga. Mkono uligonga wenyewe hivyo, nikabaki nimesimama pale na ndoo ya mbavu, nimemkumbuka mama.

Mdogo wako


Chumbani,
Tarehe 24, mwezi wa sita

Kitinda,

Nimecheka mpaka kesho yake kazini, hadi Mzee Chumvi akauliza kama nimepata mchumba. Nikamwambia nimepata mpangaji. Lakini wewe nawe! Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyo wako amekula wiki ngapi, na kufagia unafagia wewe?

Mvuvi usinitajie. Mvuvi hamlishi samaki mmoja mwezi mzima mpaka wakajuana kwa mwito. Mtu anayemfuata chui kwa miguu yake, sawa, chui ana masikio, ana nyasi, ana mbio, wapambane. Huyu mmemwambia hapa ni mezani. Na hiyo hoja ya jike na watoto ni nzuri, nimeifikiria njia nzima nikirudi nyumbani, na naikubali. Bado haijanitoa kwenye ile meza. Wala sina usafi wa kumhubiria mtu, mimi ambaye mshahara wangu unatoka kwenye mti huo huo. Nimesema tu kinachonikera.

Ila nimepata la kujifariji. Kama Mpangaji haji ila gizani, na sheria inakataza giza, basi hiyo sheria ndiyo inayomlinda. Mwambie asibadili saa za kula.

Na ukiandika anza na Mpangaji, habari zako zitafuata nyuma. Barua zako nazisoma nikirudi kutoka kazini, kabla hata sijavua viatu. Siku hizo chumba kinakuwa na watu.

Dada yako


Kambi ya mbali,
Tarehe 11, mwezi wa saba

Dada,

Shikamoo. Mpangaji kwanza, kama ulivyoagiza. Amebadili saa za kula!

Ilikuwa hivi. Niligonga ndoo, nikavuta mnyororo, nyama ikapanda, nikageuka. Amekaa juu ya kichuguu, jua linampiga mgongoni, ananitazama kama mtu aliyecheleweshewa sahani yake hotelini. Nikarudi kinyumenyume hadi kwenye pikapu. Yeye akangoja nifunge mlango ndipo akapanda mtini. Kesho yake hivyo hivyo, na keshokutwa. Sasa nikigonga tu, anatoka. Mimi nakaa garini, vioo nimepandisha, tunakula wote, yeye mbavu zake, mimi mkate wangu. Tangu nije huku ndiyo mara ya kwanza nakula na mtu. Nimeona nimeandika "mtu," lakini sifuti.

Juzi walinichukua kambi kubwa kufuata mafuta ya gari. Wakaniuliza huku kukoje, na unamjua mtu aliyenyamaza muda mrefu akipata wasikilizaji. Niliwapa yote. Ndoo, mkate, kichuguu, nikaigiza anavyotikisa lile sikio bovu nzi wakimsumbua. Wapishi walicheka mpaka machozi. Hata askari wa wanyamapori alicheka. Mwindaji peke yake hakucheka. Aliniuliza, "Saa ngapi anakuja?" Nikamwambia saa kumi na moja, jua bado kali. Akaingiza mkono kwenye barafu akanitolea soda. Mtu mzuri sana yule, hana majivuno.

Nimerudi kwangu na furaha. Nilikuwa nimesahau ladha ya kusikilizwa.

Mdogo wako


Karakanani,
Tarehe 15, mwezi wa saba

Kitinda,

Dereva anangoja injini ikiunguruma, sina nafasi ya salamu. Kwa nini uliwaambia? Soda ile hakukupa bure. Wana wateja wanaokaa kibandani mpaka jua linazama na kurudi mikono mitupu kwa sababu chui anakuja giza likishaingia, na wewe umewapelekea chui wa saa kumi na moja!

Usigonge tena hiyo ndoo. Tundika nyama kimya kimya, au sema imeoza, au umwa homa. Akirudi kuwa wa gizani, sheria itamlinda. Ndoo itupe mbali, Kitinda. Nakuomba, na mimi sikuombi mara nyingi.

Dada yako


Kambi ya mbali,
Tarehe 9, mwezi wa nane

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Ilichelewa kidogo, haina neno.

Mteja alikuja akaondoka. Aliwinda nyati, akaridhika. Mpangaji mzima. Alihama siku chache kwa ajili ya kelele za magari, sasa amerudi. Anakula vizuri.

Sina mengi. Wamenisifu kazini. Natumaini huko ni salama.

Mdogo wako


Chumbani,
Tarehe 14, mwezi wa nane
(Haikutumwa)

Kitinda,

Barua yako imekuja na lori lile lile lililomleta yeye.

Dereva alinipa kwanza bahasha, nikaitia mfukoni, maana habari za Mpangaji ni za nyumbani. Kisha akashusha ngozi. Nilikuwa naimba, Mzee Chumvi ni shahidi. Nikakung'uta chumvi, nikaikunjua mezani, nikaanza na masikio kwa sababu masikio ni kazi yangu. La kulia likageuka vizuri. La kushoto likaja vidoleni vipande viwili.

Nikajiambia chui wenye masikio mabovu wapo wengi. Nikatafuta lebo. Ni kitalu chako, ni mti wako. Karatasi ya askari imeandikwa dume, amekomaa, amepigwa kabla ya jua kuzama, kwa kibali. Hakuna kosa hata moja. Mzee Chumvi akapitisha kiganja mgongoni pake akasema, "Kazi safi. Huyu alikuwa ametulia kabisa." Nilikwenda chooni nikalia nikiwa nimefungulia bomba. Nikarudi nikalishona lile sikio. Mteja ameagiza kasoro zote zifichwe, na nimelishona vizuri kuliko kazi yoyote niliyowahi kuifanya kwa mikono hii. Ukimwona sasa hutamjua.

Jioni nikaingia chumbani, nikasimama na viatu vyangu, nikafungua bahasha. "Mpangaji mzima. Anakula vizuri."

Nimekasirika, Kitinda. Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya kwako imezidi, imeishia kwenye meza yangu. Nilitaka kukuandikia matusi ambayo mama angenipiga kwayo. Kalamu ikagoma, kwa sababu nilianza kujiuliza umenidanganya upate nini, na hukupata kitu. Ni mimi niliyekuambia anza na Mpangaji, habari zako zitafuata nyuma. Ulidhani bila chui sitakuandikia tena. Na mimi hapa, mtu mzima, nimekaa miezi miwili nikimuulizia mnyama, sijakuuliza hata kama unapata usingizi.

Dada yako


Chumbani,
Tarehe 16, mwezi wa nane

Kitinda,

Marahaba. Nashukuru kama wote wazima huko.

Na wewe je? Unakula? Unalala? Safari hii anza na wewe mwenyewe.

Dada yako


Kambi ya mbali,
Tarehe 1, mwezi wa tisa

Dada,

Shikamoo. Mimi sijambo, nakula, nalala. Sasa Mpangaji.

Ameoa, dada! Kuna jike dogo limeanza kumfuata, lina aibu, linabaki nyasini mpaka yeye ashibe. Yeye anajifanya halijui, lakini huacha mbavu moja bila kuigusa. Amenenepa. Jana alilala kwenye tawi mchana kutwa, mkia unaning'inia, anatikisa lile sikio lake. Ndoo sigongi tena, ulinikataza, ila anakuja mwenyewe. Nadhani wakipata watoto itabidi niombe nyama zaidi kambini, na wataniuliza nalisha ukoo gani huku.

Nina mengi ya kukusimulia juu yake. Usiache kuniandikia, dada. Hata mstari mmoja, hata kama ni wa kunigombeza.

Mdogo wako


Chumbani,
Tarehe 8, mwezi wa tisa

Kitinda,

Ndani ya bahasha hii kuna barua niliyokuandikia mwezi uliopita nikaifungia kabatini. Isome kwanza, halafu urudi kwenye hii.

Umesoma. Basi acha kumlisha marehemu, mdogo wangu. Ile ndoa yake uliyoniandikia niliisoma mara mbili nikashindwa kula. Ilikuwa nzuri mno, na yeye nilikuwa nimemfunga kwenye kreti ya kumsafirisha kwa mteja, kwa mikono yangu.

Sitaacha kuandika. Chui awepo asiwepo, nitaandika. Nieleze tu ilivyokuwa, usinipunguzie.

Dada yako


Kambi ya mbali,
Tarehe 25, mwezi wa tisa

Dada,

Shikamoo. Barua yako ya kunikataza nisigonge ilifika ngozi ikiwa imeshatiwa chumvi. Lakini sitajificha nyuma ya dereva. Hata ingewahi, sijui.

Walikuja mchana, mteja, Mwindaji na askari. Ningependa kukuambia mteja alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mzee mpole, mikono inatetemeka, ananishukuru hata nikimsogezea kiti. Wakaingia kwenye kibanda cha majani. Mwindaji akaniambia, "Fanya kama siku zote."

Nilisimama na fimbo mkononi, sikugonga. Akatoka kibandani akanifuata. Hakufoka. Alisema, "Kijana, hakuna anayekuomba uvunje sheria." Na ilikuwa kweli, dada. Nilitafuta hata kosa moja nishike hapo hapo. Nyama ilikuwa ya leseni. Mpaka uko mbali. Ni dume. Jua lilikuwa juu, linachoma. Kila mlango niliousukuma niliukuta wameshaufunga. Nilichobaki nacho ni kwamba sikutaka, na niliona aibu kusema kwa wanaume watatu kwamba yule mnyama tunakula wote.

Nikagonga. Ko ko, halafu ko.

Alikuja anakimbia. Siku nyingine zote alikuwa akija kwa kutambaa, anasimama, ananusa. Siku ile alikuwa na njaa, walikuwa wameniambia nichelewe kumpa nyama ili asikawie. Hakunusa upepo wala hakukitazama kibanda. Alikuwa ananitazama mimi. Nilikuwa nimeshafika kwenye pikapu, nikafunga mlango kama kawaida yetu, na yeye akangoja nifunge kama kawaida yetu, akapanda.

Askari akatazama saa, akatazama jua, akaandika. Akanipa mkono. Wote walinipa mkono. Sheria inasema asimulikwe taa, haisemi kitu kuhusu ndoo.

Sasa wametayarisha mti mwingine upande wa pili wa kitalu, na wanataka nikamzoeshe mwingine kwa ile wanayoiita "mbinu yako." Nimekataa. Mwindaji hakukasirika, alisema nikusanye vitu vyangu, lori likipita nipande. Ndoo nimeichimbia chini ya mti.

Sijui nishuke wapi. Nimefikiria kwako, lakini wewe ndiye uliyelishona lile sikio, na sijui nitakutazamaje. Na kuna ujinga mwingine naona haya kuuandika. Siwezi kugonga kitu. Juzi nilitaka kugonga mlango wa stoo kambini nikabaki nimeinua mkono mpaka mtu akanifungulia. Nikiinua mkono namwona anakimbia.

Mdogo wako


Chumbani,
Tarehe 2, mwezi wa kumi

Kitinda,

Marahaba. Dereva ameniapia atakupa hii mkononi kabla hujapanda, na safari hii namwamini, maana alipokuwa ananiapia alikuwa anakwepa macho yangu. Nadhani ameisoma yako.

Kukusamehe kwa niaba ya Mpangaji sina mamlaka hayo. Ningekuwa nayo, ningeanza kujisamehe mwenyewe. Mshahara wa mwezi ule niliupokea, nikaweka saini, nikanunulia mkate. Umemla wewe, nimemla na mimi. Mla nawe hafi nawe, mama alikuwa akisema akitugawia, ila mzaliwa nawe. Wakati ule nilidhani anatukanya tusile kwa majirani.

Panda hilo lori. Kazi sijakupatia na sitakudanganya kwamba ipo. Mzee Chumvi hataki mtu mpya, na hata angetaka, nisingekuleta kwenye meza ile. Kuna godoro, na kuna kelele, jirani mpya ana mtoto mchanga anayelia kama ameajiriwa. Utalala mpaka uchoke kulala.

Na habari ya mkono wako nimeielewa. Usigonge mlango. Usigonge chochote. Sufuria ya mama nimeshaishusha ukutani nikaisugua. Lori husimama pale kwenye kona, na breki zake nazijua. Nikizisikia nitatoka nje, mchana kweupe, majirani wakitazama wakitaka wacheke, na nitagonga mimi. Ko ko, halafu ko.

Wewe ukisikia, njoo. Usikimbie, tembea tu, tazama huku na huku upendavyo. Nyuma ya mlango wangu hakuna mtu mwingine, Kitinda. Nipo peke yangu.

Dada yako